Jina Baada ya Alama ya Kuuliza

Niliandika jina langu mwishoni mwa anwani ya tovuti, nikabonyeza, na ukurasa ukanikaribisha kwenye harusi ya mdogo wangu.

"Karibu sana," ulisema kwa herufi za dhahabu, likafuata jina langu, kisha: "Siku yetu haitakamilika bila wewe."

Nilijua hakuna aliyeniita. Kiolezo cha ukurasa ule nilikitengeneza mwenyewe. Wageni wote walipata ukurasa uleule. Kilichotofautiana ni jina lililofuata alama ya kuuliza kwenye anwani. Kiolezo kililichukua na kulipachika mahali pake, bila kujali mwenyewe ni nani. Ungeandika jiwe, lingekaribishwa jiwe. Hata hivyo niliyatazama yale maneno mpaka kioo kikazima.

Wazazi wetu walipoachana, Baba aliondoka na mimi. Mama alibaki na mdogo wangu, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Tulihama mji, tukahama tena, na kila nilipouliza, Baba alisema, "Waache, wana maisha yao." Alipofariki nilibaki na chumba cha kupanga na kazi hii ya mialiko ya watu nisiowajua. Mchana nilikula palepale mezani, macho kwenye kompyuta, ili nionekane nina shughuli.

Ndipo ikaja oda ile. Chini ya picha ya bibi harusi palikuwa na jina lake na la Baba. Pembeni yake alisimama Mama, amenenepa kidogo, ameshika pochi kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri zamu yake.

Bosi alisimama nyuma yangu. "Imekaa vizuri. Ila si mtu yeyote anaweza kujiandikia jina akaingia?"

"Anaweza."

"Pazibe hapo. Asiyealikwa asione kitu."

Nikapaziba. Ilikuwa mistari michache tu: kabla ya kukaribisha, ukurasa uhakikishe jina ni la mgeni aliyealikwa. Kisha nikajaribu kwa jina langu. "Samahani," ukaniambia, "hatujakupata miongoni mwa wageni wetu." Hayo maneno pia niliyaandika mimi, kwa upole wote niliokuwa nao.

Kwa kawaida kazi ikikamilika, bosi ndiye humpigia mteja. Siku hiyo nilimwomba nipige mimi.

Nilishtuka kusikia sauti ya mdogo wangu. Ilikuwa na mkwaruzo wa Baba, hasa mwisho wa sentensi. Nikamweleza nilichorekebisha.

"Kwa hiyo mama zangu wadogo hawawezi kujaza majirani ukumbini?"

"Hawawezi."

Akacheka. "Umeniokoa, kaka."

Kaka. Huitwa hivyo hata dereva wa teksi usiyemjua.

"Upo?"

"Nipo."

"Basi nikuandike na wewe. Umehangaika na sisi. Jina lako nani?"

Ningeweza kusema aandike fundi, akacheka tena, tukaagana. Nikasema jina langu, na la Baba.

Nikasikia kiti kikivutwa, na mtu akikaa.

"Sema tena," alisema, taratibu.

Kwa mbali sauti ya mama mtu mzima ikauliza ni nani anayepiga. Mdogo wangu alikuwa ananisubiri.