Wimbo wa Nyongeza

"Na ule mwingine je?" Dorkasi aliinama mpaka kilemba chake kikagusa meza, akashusha sauti kama mtu anayeulizia dawa ya aibu. "Ule wa taarabu ulioniwekea. Umo humo humo kwenye kadi. Uchukue, lakini usiucheze hapa nje. Mchungaji amekaa pale anasubiri basi."

Prisca akacheka. Hakuwa amecheka tangu kompyuta yake iungue.

Dorkasi alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa sauti ya pili na wa msimamo mkali, na alikuwa amekuja na kadi ya redio yake ameifunga kwenye pindo la khanga. Hakuja kununua. Alikuja kurudisha nyimbo. Habari ilikuwa imeenea stendi nzima ya Same: umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya Prisca wa nyimbo ikatoa moshi. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga tena kwa adabu ya mtu anayefunika maiti. "Nyimbo zote zimekwenda, dada. Pole sana."

Basi wateja wakaanza kumrudishia, mmoja mmoja. Aliazima kompyuta mpakato chakavu ya mdogo wake, akawa anachomeka kadi na kuvuna alichokuwa amekipanda mwenyewe.

Kibandani kwa Prisca palikuwa na desturi moja. Sokoni Same hununui fungu la nyanya ukaondoka bila muuzaji kukutupia moja ya juu, nyongeza, ili mpendane na kesho urudi. Prisca aliuza nyanya kabla ya kuuza nyimbo, na alipobadilisha biashara hakubadilisha tabia. Mteja akija kuingiziwa nyimbo zake, alipewa alizotaka, kisha akaongezewa moja ambayo hakuiomba. Na nyongeza ya Prisca ilikuwa na sharti: lazima itoke mahali ambapo mteja mwenyewe asingekwenda. Mtu wa kwaya alipewa taarabu. Mtu wa singeli alipewa kwaya ya wazee wenye kinanda kimoja. Mwalimu wa reggae alipewa dansi la zamani, gitaa zinazozungumza kama majirani. Wengine walifoka. Wengi walirudi wiki iliyofuata wakijikuna kichwa: "Dada, ule wimbo uliouchomeka... hakuna mwingine kama ule?"

Sasa vijana wana bando, wanajitafutia nyimbo hewani, na hewani hakuna muuza nyanya. Lakini wa milimani na wa nyikani, wenye redio ndogo za kadi, bado walimjia.

Kulikuwa na nyongeza nyingine juu ya nyongeza, na hiyo kila mtu aliipata, apende asipende. Ilikuwa sauti ya baba yake.

Mzee Elibariki hakuwa msanii. Alikuwa mkulima wa Gonja, na alichojaliwa ni kuongoza nyimbo siku za msaragambo, pale mbiu inapolia na kijiji kizima kinatoka na majembe kwenda kuzoa tope la ndiva, lile bwawa dogo linalokusanya maji ya mto usiku ili mchana yashuke mashambani. Yeye hutoa, watu huitikia, majembe hushuka pamoja. Nani amelala, maji yanapotea? Tumeamka, tumeamka. Kwa Kipare maneno hayo yana chumvi zaidi. Katikati aliwachomeka wavivu kwa majina, na watu wakacheka huku wanalima. Prisca alimrekodi kwa simu, siku ya jua kali, akiwa amesimama kwenye tope. Mzee aliimba, akakohoa, na Prisca mwenyewe akasikika akisema, "Baba, kunywa maji kwanza." Mzee hakunywa. Aliendelea.

Mwaka uliofuata akafariki.

Prisca aliupa wimbo ule namba sifuri sifuri sifuri, ili redio yoyote ikiwashwa ianze nao kabla ya mwingine wowote. Ulikuwa upendeleo, na alijua. Alimpenda baba yake na alitaka dunia isalimiwe naye kwanza, hata kama dunia yenyewe ilikuwa ni watu wa Same na vitongoji vyake. Akaugawa kwa mamia ya watu. Yeye mwenyewe alibaki nao kwenye kompyuta tu. Simu aliyorekodia aliibiwa Moshi, na mpya hakuwahi kuiwekea. Mganga hajigangi.

"Mama Dorkasi," aliuliza sasa, mkono umetulia juu ya meza, "na wa baba? Ule wa kwanza kabisa?"

Dorkasi alijishughulisha na pindo la khanga. "Mwanangu, nisikudanganye. Niliufuta. Kadi ilijaa, nikataka nafasi ya nyimbo za Pasaka."

"Si kitu, mama."

"Ni kitu. Nakuona usoni."

Na haikuwa Dorkasi peke yake. Safia wa chakula, aliyerudisha dansi zote na kuapa kwamba bila zile gitaa ugali wake hauivi vizuri, naye aliufuta. Mwalimu aliufuta. Iddi wa bodaboda, kijana mwenye spika mbili kwenye pikipiki moja, alisema ukweli wake bila kuupaka asali: "Dada Prisca, nikiwasha tu, jembe! Abiria wananiuliza, kaka, tunaenda mjini au tunaenda shamba?"

Kumbe dunia ilikuwa imemfuta baba yake kimya kimya, kwa heshima, ili kupisha nyimbo nyingine. Prisca hakuwakasirikia. Aliumia tu, na maumivu yasiyo na wa kulaumiwa ni mabaya zaidi, kwa sababu hayana pa kutokea.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa Jumapili. Mama yake, Bi Anaeli, alibaki Gonja, ng'ambo ya milima, na kila Jumapili jioni alipiga simu. Angeuliza habari za afya, mvua, na bei ya maharage, kisha angesema: "Haya, nichezee baba yako." Prisca angeweka simu karibu na spika, na mama angekaa kimya upande ule mpaka wimbo uishe. Kwa Jumapili mbili sasa Prisca alikuwa amemwambia umeme haupo. Watu wa kijijini wimbo waliujua wote, angeweza kupanda akarekodi yeyote. Sauti ndiyo iliyokuwa haipo, na sauti ndiyo mama aliyokuwa anaingoja.

Siku ya mnada wa ng'ombe, Lembris, mfugaji wa Kimaasai na mteja wake wa siku nyingi, alifika kibandani, shuka jekundu begani na redio mpya kabisa mkononi, bado imo ndani ya nailoni.

"Takwenya!"

"Iko!" alijibu Prisca. Kimaasai chake kiliishia hapo hapo. "Karibu, baba Loserian. Umenunua redio? Ile ya zamani?"

"Mbuzi ameiangusha ndani ya birika la kunyweshea mifugo. Imekufa, na kadi imekufa." Lembris aliiweka redio mezani kwa uangalifu. "Niwekee zile zangu, za dini na za vijana wetu. Lakini anza na ule wa kwanza. Ule wa mzee."

Prisca alimtazama. "Mzee yupi?"

"Yule wa kukohoa."

Prisca alikaa chini. Aliinua upande wa khanga aliyojifunga, akajifuta macho mbele ya mteja, mchana kweupe, na muuza mitumba wa jirani akajifanya anahesabu soksi.

"Sina, baba Loserian. Wimbo umepotea. Nimeuliza watu wote. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Huo ni msiba," alisema Lembris, bila mzaha hata kidogo. "Maana iko ng'ombe yetu moja nyeupe. Alizaa mara ya kwanza wakati redio ile bado mpya. Mke wangu Noonkipa akikamua, redio inaning'inia pale kwenye mwiba, na inaanza na huyo mzee. Kila jioni. Sasa ng'ombe amezoea. Bila mzee, anazuia maziwa. Anakuangalia tu."

"Kwa hiyo sasa hamkamui?"

"Tunakamua. Noonkipa anao huo wimbo."

Prisca alisimama tena. "Kwenye simu?"

Lembris aligusa midomo yake kwa kidole. "Hapa."

Jumapili alasiri Iddi alimpakia Prisca kwenye pikipiki, akakataa kusikia habari ya nauli. "Mimi niliufuta," alisema. "Niache nilipe dhambi yangu kwa mafuta." Walishuka upande wa Ruvu, kwenye nyika ya vumbi na miiba, Iddi amezima spika zote mbili kwa mara ya kwanza katika historia ya ile pikipiki. Nyuma yao milima ya Upare ilisimama imejaa bluu, na ng'ambo yake, mahali wasipopaona, mama alikuwa ametoka kanisani na anangoja jioni.

Noonkipa alikuwa mwanamke mrefu, mtu mzima kuliko Prisca, shanga shingoni na kibuyu cha maziwa kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mzee?"

"Ndiye baba yangu, marehemu."

Noonkipa alimshika mkono, hakuuachia haraka. "Pole. Mimi sikujua amekufa. Anaimba kama mtu ambaye yuko."

Jua lilikuwa linainama ng'ombe walipoingia zizini. Yule mweupe alikuja wa mwisho, kama mke mkubwa. Noonkipa alimwachia ndama anyonye kidogo, akamvuta pembeni, akachuchumaa, kibuyu amekibana kwa mkono mmoja. Akaminya. Hakikutoka kitu. Ng'ombe aligeuza shingo, akawatazama wageni.

"Unaona?" alisema Lembris kwa fahari, kana kwamba ukaidi ule alimfundisha yeye.

Noonkipa akaanza kuimba.

Prisca alikuwa amejitayarisha kwa chochote, kwa kuvunjika moyo hasa. Lakini kilichotoka kilikuwa Kipare cha Gonja kimepita kwenye koo la Kimaasai, kimetandazwa kidogo huku, kimepindwa kidogo kule, na bado kilikuwa chenyewe. Na wavivu walikuwemo, kwa majina yao! Watu wa kijijini kwao, wengine wakiwa na wajukuu sasa, walisutwa upya ndani ya zizi la nyikani, mbele ya mbuzi. Mkono wa Noonkipa ulishuka pale pale ambapo jembe lilikuwa likishuka. Maziwa yakaanza kupiga ndani ya kibuyu.

Kisha akanyamaza, mkono umetulia. Akangoja. Akaendelea.

"Mbona unanyamaza?" Prisca alinong'ona.

"Hapo wanaitikia watu wengi," alisema Noonkipa. "Mimi niko peke yangu. Nawaachia nafasi yao."

Aliimba ubeti wa pili. Na baada ya mstari wa tatu, bila kubadilisha uso, alikohoa. Si kikohozi cha vumbi. Kilikuwa kikohozi cha mzee Elibariki, kifupi kisha kirefu, kimewekwa mahali pake kama shanga kwenye mkufu. Na mara tu baada yake, kwa sauti nyembamba ya msichana, akaimba kwa Kiswahili: "Baba, kunywa maji kwanza."

Prisca alijishika kifua. Yale yalikuwa maneno yake.

"Hayo ya maji ndiyo ninayoyaelewa," alisema Noonkipa. "Ni mazuri. Nawaimbia watoto pia."

Simu ikaita. Iddi, aliyekuwa amepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao akiwa na simu ya Prisca, aliruka akaja nayo mbio, kisha wakarudi wote wawili kwenye kichuguu, kilichokuwa kando kabisa ya miiba ya zizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Maharage huko bei gani?" Mama hakusubiri jibu. "Leo umeme upo? Nichezee baba yako."

Prisca alifungua mdomo aseme ukweli, na ukweli ukawa mrefu mno. Kompyuta, moshi, kadi, mbuzi, birika. "Mama," alisema, "sauti ya baba imepotea. Nilikuficha, unisamehe. Lakini sikiliza hiki."

Aliwasha spika ya simu, akaunyoosha mkono wote juu ya miiba ya zizi. Noonkipa aliona, akaelewa. Akarudi mwanzo.

Mama akasikiliza. Sauti ya mwanamke asiyemjua, ubeti wa kwanza, na nafasi tupu. Ubeti wa pili, na nafasi tupu. Prisca alianza kuona kosa lake: alikuwa amempa mjane wimbo wa mgeni badala ya mume. Kisha Noonkipa akakohoa, kifupi, halafu kirefu, na kwenye simu mtu akavuta pumzi kwa nguvu.

"Baba, kunywa maji kwanza," aliimba Noonkipa.

"Hakunywa," ilisema simu, kwa sauti ndogo. "Nilimbebea kibuyu kizima, hakunywa."

Noonkipa hakusimama. Alitoa mstari uliofuata, ule wa kuuliza nani amelala, mkono ukashuka, maziwa yakapiga, akafika kwenye ile nafasi, akanyamaza kama alivyozoea.

Na safari hii, kutoka juu ya miiba, sauti ya kizee iliyochakaa na yenye mikwaruzo ya mtandao ikaitikia: tumeamka, tumeamka. Kisha ya Prisca. Kisha, vibaya kabisa na kwa sauti kubwa, ya Iddi.

Ng'ombe mweupe alisimamisha masikio. Noonkipa akatazama juu, akatazama kibuyu kilichojaa, akamwambia Lembris neno moja la Kimaasai, na Lembris akaenda mbio kuleta kibuyu kingine.