Kuni Alizopasua Torleif

Saa kumi za jioni, mwezi wa Januari, giza lilikuwa limeshaingia Oslo. Borghild Moen, wa ghorofa ya tatu, alipiga magoti mbele ya jiko lake la chuma. Alipanga vijiti juu ya ukuni mmoja wa mbetula, akawasha kwa juu ili moto ushuke taratibu, kisha akafunga kijimlango cha kioo. Ukuni ulipokolea moto, marehemu mumewe aliingia, akavua kofia, akaketi kwenye kiti chake.

Ndivyo ilivyokuwa tangu baridi ianze. Kuni zile Torleif alizipasua mwenyewe, kabla hajaanguka na gunia la kuni begani kwenye ngazi za kushukia stoo, akafa, mwaka juzi. Ukuni mmoja ulimweka kama dakika hamsini. Ukishakuwa majivu, alivaa kofia yake na kuondoka. Kuni zikiisha, naye ndiyo basi. Kwa hiyo Borghild alichoma mmoja tu kwa siku, na saa zilizobaki alikaa na koti ndani ya nyumba.

Leo mume alikuja na chembe za jibini ya kahawia kwenye ndevu.

"Umekula wapi wewe?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

Torleif alinyoosha mikono kwenye moto. Hata alipokuwa hai, swali asilolipenda alilikaushia.

Borghild alishikwa na wivu, wivu kabisa, na umri wake wote ule. Kwanza alimshuku Tuva wa ghorofa ya kwanza, binti anayecheka na kila mtu ngazini. Asubuhi yake alipokutana naye alimnusa kidogo, lakini Tuva alinukia sabuni tu.

Akachukua tochi, akashuka stoo kuhesabu kuni, maana Torleif hakuja mahali pasipo kuni zake. Taa ya ngazi zile ilikuwa haiwaki. Borghild alidhani ilikufa baada ya msiba. Kufuli lake lilikuwa zima, ila mbao mbili za ukuta wa kijistoo chake zilikuwa zimelegea, na kuni zilikuwa zimepungua sana tangu alipopandisha kapu la mwisho mwezi uliopita. Tena safu mbili za mbele zilikuwa zimepangwa upya, zimenyooka vizuri, magome juu.

Torleif alipanga magome chini, siku zote. Katika jengo zima aliyepanga magome juu ni mmoja tu, Sverre Aas wa ghorofa ya tano, mwenyekiti wa ushirika wa jengo. Miaka kumi na mmoja, kila siku ya usafi wa pamoja, wanaume hao wawili waligombania magome mpaka kahawa ikapoa. Hata katika kuiba, mwizi huyu alishindwa kuiacha safu imekaa upande.

Jioni ile Borghild hakuwasha moto. Aliweka sikio kwenye bomba la moshi, akamsikia mumewe akikohoa juu huko. Alipanda ngazi na ndara zake, akagonga. Sverre alifungua akiwa na kalamu mkononi.

"Borghild, jirani yangu! Si wakati mzuri huu."

"Kuni za mume wangu zinawaka humo ndani, halafu unaniambia wakati?"

Akampita. Torleif alikuwa ameketi mbele ya jiko, mkononi kipande cha mkate na jibini. Juu ya meza palikuwa na karatasi yenye muhuri wa ushirika.

"Nilikuwa namalizia tu," Sverre alisema, kisha akamgeukia marehemu. "Haya, Torleif, bwana. Mara ya mwisho. Siku ile ulipoanguka, taa ya ngazi ilikuwa inawaka, sivyo? Kama nilivyoandika kwenye taarifa ya ajali."

"Ilikuwa imekufa tangu Septemba," Torleif alisema. "Nilikutilia barua kwenye sanduku lako mara tatu."

"Unaona? Kila siku jibu hilo hilo," Sverre alimlalamikia Borghild. "Siku ya kumi na tisa leo! Mtu mbishi huyu, hata kufa hakujamsaidia."

Borghild alivuta kiti, akaketi. Mwaka mzima na zaidi aliambiwa mumewe alianguka kwa uzembe wake, na yeye akaamini. Alifika mpaka kumsema kaburini.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Torleif alisema. "Uliniuliza habari za mapazia."

Mkutano mkuu ulifanyika Februari kwenye chumba cha kufulia, kukiwa na kahawa. Borghild alisimama akaeleza yote. Watu walimsikiliza vizuri. Tuva aliuliza kama Torleif anaweza kuja siku ya usafi, kwa kuwa shoka la jengo halikati. Sverre, aliyekuwa anaongoza kikao, alisema maneno ya marehemu hayawezi kuingia kwenye taarifa, kwa sababu yeye si mwanachama tena. Habari ya taa ikapelekwa mkutano ujao.

"Na kuni zangu?" Borghild aliuliza.

Sverre alifungua daftari. Kijistoo kiliandikwa jina la Torleif peke yake, na jina hilo lilishafutwa. Mali isiyo na jina la mtu ni ya jengo. Hata hivyo, alisema, wao si wanyama. Wote waliafiki kwamba marehemu agawanywe kwa haki, na kesho yake orodha ilibandikwa mlangoni kando ya ile ya zamu za kufua. Borghild alipewa Alhamisi.

"Alhamisi!" alimfokea Sverre ngazini. "Mtu nimelala naye miaka arobaini, mwizi wee!"

"Unaweza kubadilishana na Tuva," Sverre alimwambia. "Ana Jumatatu."

Alhamisi, betri za tochi zilikuwa zimeisha. Borghild alishuka akipapasa ukuta, akitafuta kila ngazi kwa ncha ya kiatu. Alipofika ile ya tisa, alipoangukia Torleif siku ile, alisimama kwanza. Kisha akaendelea chini, akachukua ukuni mmoja, akaupandisha nyumbani na kuuwasha kwa juu.

Torleif aliingia, akavua kofia, akatazama vumbi la ukuta kwenye viganja vya mkewe.

"Taa wameweka?"

"Bado," Borghild alisema, akamsogezea kiti karibu na moto.