Bolti Kwenye Bati Bovu

Mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha, lakini barabara ya Lunga Lunga ziliiacha na mashimo ya kuzika mbuzi. Ndipo Swabir, dereva wa kupeleka wageni wa hoteli za Diani, aliponunua mikanda ya magari ya mashindano kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa miwili, myekundu, kila mmoja na ncha nne: mbili za mabegani, mbili za kiunoni, zikikutana kwenye bizimu moja tumboni.

Mkewe Hafsa, mja mzito, alisimama uani akimtazama akiinua zulia la gari. Bati la chini lilikuwa limegeuka rangi ya tumbaku kwa kuliwa na chumvi. Swabir aliligusa kwa bisibisi, likamomonyoka kama mkate wa juzi.

"Si fundi Elphas alikwambia ungoje achomelee chuma kipya?"

"Elphas kila siku ni kesho. Bolti ni bolti, bibi."

Akawasha keekee. Tundu zikatoboka upesi mno, bila hata ule ukelele wa chuma kinachokataa.

Mikanda ya mabegani Swabir aliipitisha nyuma ya viti, akaishusha wima hadi sakafuni, akaikaza kwa bolti kwenye tundu zile. Kisha akamketisha Hafsa, akamkaza. Mabega yakamdidimia kana kwamba amejitwika pipa la maji, na mkanda wa kiunoni ukapanda, ukamkalia juu ya mimba.

"Nifungue."

"Utazoea."

"Nifungue, Swabir!"

Alimfungua huku akicheka.

Baada ya sala ya Ijumaa walitoka kwenda Lunga Lunga kumzuru mamake Hafsa. Swabir akajifunga mikanda yake mipya. Hafsa akafungua mlango wa nyuma, ambako mkanda wa zamani ulikuwa haujang'olewa, akaupitisha chini ya tumbo, juu ya mapaja.

"Watu watadhani mimi teksi," Swabir alinuna.

Walipita Msambweni. Kila mara gari lilipotumbukia shimoni, Hafsa alisikia kitu kikigongagonga sakafuni, nyuma ya kiti cha mumewe.

"Swabir, simama utazame. Kuna kitu kimelegea."

Swabir akaongeza sauti ya redio.

Walipokaribia Ramisi, lori lililokuwa mbele yao likasimama ghafla. Swabir alikanyaga breki, magurudumu yakateleza mchangani, gari likaenda kulivaa lori kwa nyuma. Bolti zikang'oka na mapande ya bati. Mikanda iliyokuwa imemkaza Swabir ikalegea mara moja, kifua chake kikaupiga usukani.

Maji ya rejeta yalikuwa yakichuruzika.

"Hafsa?"

"Nipo." Alishika tumbo, akangoja. Mtoto akapiga teke. "Tupo sote."

"Siwezi kuvuta pumzi."

Watu wa lori wakamtoa Swabir, wakamlaza kwenye turubai, wakampeleka hospitali. Mbavu zilikuwa zimevunjika, moja imelichoma pafu. Alipoweza kusema, alimwita mkewe karibu.

"Ulijuaje?"

"Sikujua. Niliogopa tu, nami nilikwambia."

Swabir akageuza uso ukutani.

Aliishi, akambeba mwanawe mikononi, alhamdulillahi. Ila pumzi yake ilibaki fupi, yenye kukwaruza. Usiku inapokatika kidogo, Hafsa hufumbua macho gizani, akatulia tuli, akiingojea inayofuata.