Nyuki wa Eustakia

Saa tano asubuhi Eustakia wa Murusagamba alikuwa anachuja pombe ya ndizi alipoishiwa nguvu. Akaanguka kando ya mtungi. Nyuki kumi na wanne wakatoka migombani, wakatua midomoni mwake, wakamdondoshea asali. Punde akaketi, akajifuta, akaendelea kuchuja.

Mwaka wa tatu sasa akianguka hivyo. Nyuki hawakumkera, lililomkera ni jina la mlevi. Muuza pombe huonja mbele ya wageni, waone haina sumu. Basi kila alipoanguka, kijiji kizima kilijua sababu. Kwaya ya kigango ikamsimamisha kuimba. Kwenye zahanati, ambako kipimo cha sukari kilikuwa hakijafika, muuguzi Restuta alimwandikia dawa za vidonda vya tumbo.

"Mama, punguza kuonja."

"Naonja, natema. Waulize nyuki."

Restuta akawatazama. Siku hiyo walikuwa ishirini. "Hawa sina fomu yao," akasema.

Mwezi wa sita wakafika mia mbili, na bado Eustakia alichelewa kuzinduka. Mumewe, Nduwayo, akampandisha basi la Mwanza. Konda akawaachia nyuki dirisha la nyuma.

Hospitali ya rufaa ilimzuia kula, nyuki wakafungiwa nje, damu ikapimwa sukari kila baada ya saa chache. Picha ikaonyesha saratani adimu ya kongosho: uvimbe mdogo kama harage, unaomwaga insulini hadi sukari inakwisha mwilini. Daktari Rwekaza alieleza kwamba ukitolewa wote, atapona. Ukibaki, asali haitatosha.

Siku ya upasuaji nyuki walitanda dirishani. Rwekaza akakata mkia wa kongosho, akatoa harage, akaomba uzi wa kushonea. Nyuki hawakuondoka.

"Upo mwingine," akasema, akaurudisha uzi.

Akaupata kwa ndani zaidi, mdogo kama punje ya ulezi. Alipoutoa, nyuki wakaruka kuelekea Murusagamba.

Eustakia alirudi na kovu, akalionyesha kwa wanakwaya mmoja mmoja. "Haya, mlevi ni nani?" Wakampa mstari wa mbele, naye akaimba mpaka padri akatazama saa.

Kipimo cha sukari bado hakijafika. Nyuki wamehamia juu ya mlango wa zahanati. Mtu akianguka, Restuta husubiri aone kama watatua. Kwenye ratiba ya zamu, chini ya jina lake, ameandika: nyuki, asubuhi na mchana. Mkaguzi alipopita aliisoma yote, akaweka saini, akauliza tu likizo yao ni lini.