Wingu Chini ya Mabati

Mara ya tatu dobi alipomwita aje kuziba paa, fundi bati alikwenda na ngazi begani na hasira kifuani, na kati ya mizigo hiyo miwili ngazi ndiyo iliyokuwa nyepesi. Kilikuwa kiangazi kikali, mvua watu walishaisahau. Lakini katika chumba cha kupigia pasi maji yalidondoka kila asubuhi juu ya nguo zilizokwisha kunyooshwa, na dobi alikuwa amemtangazia kila mteja sababu yake: paa limeezekwa na mtu asiyejua kazi, na mtu huyo, kwa bahati mbaya, ni mume wa dada yake.

Maneno hayo yalisafiri. Mama mmoja aliyekuwa amemwahidi fundi kazi ya kuezeka nyumba nzima alimwambia kwa upole kwamba amepata mtu mwingine. Ule upole ndio uliomchoma.

Alipanda juu, akakagua msumari mmoja mmoja, akapapasa maungio ya mabati kwa vidole, kisha akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya paa. Maji yakateremka yote nje. Ndani halikuingia hata tone. Aliposhuka alimkuta dobi ameinua shati jeupe lenye doa la kutu, analionyesha kwa wateja.

"Na hili, shemeji, limenyeshewa na nani?"

Fundi alichukua ngazi yake akaondoka. Jibu alikuwa nalo, ila halikuwa la kumwambia ndugu wa mke.

Nyumbani aliyamwaga yote. Mkewe, mwalimu wa sayansi, alimsikiliza huku anachambua mchele. Akamuuliza matone huanguka saa ngapi, na madirisha ya kile chumba yako wapi. Fundi akamwambia ni asubuhi, mapipa ya maji ya kufulia yanapoanza kuchemka humo ndani. Na madirisha kaka yake aliyapigilia mbao, eti vumbi la barabarani linamchafulia nguo. Mkewe akacheka. Fundi akainuka, akamuuliza kama naye yuko upande wa kaka yake.

"Keti, mume wangu. Paa lako halivuji. Kaka amefuga wingu ndani ya nyumba."

Akamweleza. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Ukipanda na kupoa hutafuta pa kushika: chembe ya vumbi, chembe ya moshi, na mle kwa dobi nyuzi za nguo zinazopepea hewani. Hapo ndipo unapokuwa vitone vidogo mno, vyepesi kiasi cha kuelea. Wingu la angani ndilo hilohilo. Si moshi wala pamba, ni vitone vya maji, na vikiungana vikawa vizito, hewa hushindwa kuvibeba. Kwa dobi mabati hulala yakipigwa baridi usiku kucha. Asubuhi mvuke unayagusa, unageuka kuwa matone, matone yanaangukia mashati.

Fundi alielewa, na kuelewa hakukumtuliza hata kidogo. Kumbe jina lake lilikuwa limechafuliwa na mapipa ya shemeji mwenyewe.

Kesho yake walikwenda wote wawili. Mkewe alimweleza kaka yake pole pole, naye dobi akacheka mpaka akashika meza. Akasema mawingu yapo juu kwa Mungu, na mambo ya darasani yabaki darasani. Fundi hakungoja amalize. Alipanda paani na mkasi wa bati, akakata tundu pana karibu na kilele, dobi akipiga kelele chini kama anayeibiwa. Wingu jeupe likachomoza, likapanda kidogo, likapotelea hewani. Ndani mwalimu alikuwa na nyundo, anang'oa mbao za madirisha, na kaka yake hakuthubutu kumsogelea. Kabla ya adhuhuri fundi alikuwa amelifunika tundu kwa kofia ya bati iliyoinuliwa, mvuke utoke na mvua isiingie.

Matone yalikoma. Dobi hakuomba radhi. Baada ya siku chache yule mama aliyemnyima kazi ya nyumba alikutana na fundi njiani, akampongeza: amesikia kwa dobi kwamba hatimaye amerudi akaliziba tundu lililokuwa likivujisha paa.

Fundi alipomsimulia mkewe, mwalimu alivaa viatu akaenda kwa kaka yake, akasimama katikati ya wateja.

"Hakuziba kitu, kaka. Alitoboa, kwa sababu wewe uliziba. Waambie hivyo."

Dobi aliendelea kupiga pasi. Alipoona dada yake haondoki, alisema hivyo, chini chini, macho kwenye kola ya shati. Mteja mmoja alisikia.

Mvua zilipokaribia, dobi alituma mtu kumwita fundi amwezekee chumba cha pili. Fundi alijibu kwamba ana kazi nyingi. Hakuwa na kazi hata moja.