Majina Ukutani kwa Wasioona

Katibu wa hospitali yetu ana ugonjwa wa kutaka aonekane anafanya kazi. Tunamwita Bwana Uwazi, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Daktari bingwa wa macho huja kwetu siku moja tu kwa mwaka, na safari hii Bwana Uwazi aliamuru majina ya watakaopasuliwa yamulikwe kwa projekta kwenye ukuta wa ukumbi, kila mgonjwa ajionee mwenyewe. Wagonjwa hao wana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Nilipomkumbusha hilo, alinijibu kwamba uwazi ni uwazi.

Kuyaandaa majina ilikuwa kazi yangu mimi, karani wa takwimu. Kwenye jedwali langu la kompyuta, ukurasa wa kwanza una kila mtu aliyewahi kuja kulalamikia macho, mamia ya mistari. Ukurasa wa pili, Muhtasari, una fomula moja tu kwenye kisanduku cha juu kabisa. Fomula hiyo inapitia orodha nzima, inachagua kila mstari ulioandikwa "yote mawili", halafu inaimwaga mistari hiyo chini, mmoja baada ya mwingine. Inachodai ni nafasi tupu. Ukiandika chochote mahali inapotaka kumwaga, inagoma, na majina yote yanatoweka. Nilimweleza Bwana Uwazi haya mpaka mate yakanikauka. Aliitikia "naam, naam" huku akichati kwenye simu.

Aliyenikaa rohoni siku hiyo ni mama mmoja, fundi cherehani. Mwaka jana alirudishwa nyumbani kwa kuwa muda wa daktari uliisha kabla hajafikiwa. Tangu hapo cherehani yake imefunikwa shuka, na yeye huongozwa hadi chooni na mke wa mwanawe, ambaye hafichi kwamba amemchoka. Kurudishwa tena ni mwaka mwingine wa maisha hayo. Lakini sikuwa na wasiwasi, maana jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeliona jina lake kwenye Muhtasari, mstari wa tatu.

Asubuhi nilipoingia ukumbini, mabenchi yalikuwa yamejaa na ukuta ulikuwa mtupu. Juu kabisa palikuwa na alama ya hitilafu, na kwenye mstari wa tatu jina moja, basi. Lilikuwa jina la baba mkwe wa Bwana Uwazi, mzee ambaye jicho lake moja hutoa machozi akipigwa na vumbi. Mzee mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, suti imenyooka, anasoma gazeti.

"Umeandika nini hapa?" nilimnong'oneza Bwana Uwazi.

"Nimemwingiza mtu mmoja tu. Kompyuta yako ndiyo mbovu."

"Si mbovu. Futa hilo jina, yatarudi yote."

"Usiguse!" Akaikumbatia kompyuta kama mtoto anayenyima wenzake pipi. "Daktari nitamwelekeza mwenyewe kwa mdomo. Kwani hawa wataona nini?"

Nimewahi kufanya kazi na wezi, lakini walau walikuwa na akili. Huyu hata upendeleo ulikuwa umemshinda, na bado kifua kilikuwa mbele. Akasimama mbele ya mabenchi, akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, kama mnavyoona, majina yote yako ukutani!"

Wakampigia makofi. Nilitamani ardhi impasukie.

Fundi cherehani alinishika mkono. "Mwanangu, na mimi nimo?"

Mlango ukafunguliwa, daktari akaingia, na Bwana Uwazi akamkimbilia kwa tabasamu la kuombea kazi. Kabla hajafungua mdomo, gazeti lilishushwa kule nyuma.

"Mkwe!" mzee akaita kwa nguvu. "Mbona hapo ukutani niko peke yangu?"

Fundi cherehani akageuza shingo kuelekea ile sauti.

"Nani huyo anayesoma?" akauliza. "Na yeye amekuja kutibiwa nini?"

Kicheko kilianzia benchi la mbele, kikasambaa hadi nyuma. Bwana Uwazi alinywea, akaanza kubabaika kuhusu hitilafu ya umeme. Daktari aliutazama ukuta, akamtazama mzee, akalitazama gazeti. Kisha akanigeukia mimi.

"Kuna nini?"

"Fomula imezibwa, daktari. Kuna mtu kawekwa pasipo pake."

"Izibue."

Nilimwondoa Bwana Uwazi kwa kiwiko, nikabofya kisanduku cha tatu, nikafuta. Majina yakamwagika yote kwa mpigo, hadi chini kabisa ya ukuta.

"Si nilisema ni umeme!" Bwana Uwazi akashangilia. Hana haya hata ya kuazima.

Daktari alimwita mzee aje mbele. "Mzee wangu, wewe unaona vizuri sana. Wasomee wenzako."

Mzee alikunja gazeti, akaja taratibu, jasho likimtoka. Akasoma jina la kwanza, akasoma la pili. Kwenye la tatu alikwama, maana mahali hapo palikuwa pake dakika chache tu zilizopita.

"Soma kwa sauti, baba," fundi cherehani akamwambia. "Sisi wengine hatuoni."

Akalisoma. Kabla hajalimaliza, fundi alikuwa ameshasimama, mkono ameunyoosha mbele, akitafuta wa kumwongoza.