Alama za Kifungo

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kumsifu binti yake. Ukienda kwake kupunguza suruali kiunoni, utatoka unajua kwamba binti ana diploma ya tiba ya mifugo, na kwamba koti jeupe analovaa kliniki kashona baba mtu.

Wiki hiyo sifa hizo zilipata mtihani. Mtoto wa mbwa wa jirani alikuwa anahara damu na kutapika kila kitu, hata maji. Ndugu zake wawili walishakufa. Mkuu wa kliniki alimtupia jicho moja tu.

"Huyu hamalizi siku mbili. Na chumba cha kumtenga hatuna."

"Nipe mimi," binti akasema. "Nitampigania."

Akamleta stoo ya baba yake, nyuma ya vyerehani. Chupa ya dripu akaitundika kwenye henga, kati ya suti ya bwana harusi na gauni la mwalimu. Fundi akamtazama yule mbwa, mweusi, kajikunja duara, akamwita Kifungo.

"Baba, mchana niko kazini. Akitapika, piga mstari wa chaki pale mezani. Akihara, chora duara. Mdomoni asiingie kitu mpaka niseme."

"Sawa, daktari."

"Usinitanie."

"Nani anatania? Nakuogopa!"

Siku ya kwanza meza ya kukatia nguo ilijaa alama. Ya pili zikapungua. Ya tatu, mchana, Kifungo akanyanyua kichwa, akatikisa mkia. Mara moja tu, lakini fundi akalainika mwili mzima. Akamega kipande cha nyama kwenye chakula chake. Kadogo, kama kiraka cha mfukoni.

Hajamaliza kutunga uzi kwenye sindano, nyama ikarudi na maji ya njano. Akapiga mstari. Akautazama. Akaufuta kwa kiwiko.

Jioni binti akakagua meza. "Leo hajatapika hata mara moja? Basi naanza kumlisha." Akachukua bakuli.

Fundi akamdaka mkono.

"Mama, subiri. Mstari upo. Upo hapa." Akanyoosha kiwiko, cheupe kwa chaki. "Nilimpa nyama."

Binti akaweka bakuli chini.

"Baba, mkia umepona, tumbo bado. Ningemlisha leo ningemmaliza mwenyewe." Kisha akaguna. "Kuanzia sasa kijiko nashika mimi."

"Nimestahili."

Siku ya nne Kifungo akapewa maji, kijiko kimoja kimoja. Yakatulia. Ya tano, uji mwepesi. Ya sita asubuhi, fundi alikuwa anampima mwalimu gauni, akachungulia stoo, akapiga kelele.

"Mwalimu, njoo uone! Kifungo kanya!"

"Mzee, unaniita nije kuona mavi?"

"Magumu, mwalimu! Tazama yalivyosimama! Damu hata chembe!"

Akachora mezani duara kubwa kama sahani. Mteja akaja kutandaza kitambaa chake, akazuiwa. "Meza haiguswi mpaka daktari aone."

Mchana daktari akaja. Akasoma meza, akapiga magoti, akafunua mdomo wa Kifungo. Fizi zilizokuwa nyeupe kama chaki zilikuwa zimerudi na wekundu wake.

"Katoka hatarini," akasema.

Kifungo akadaka pindo la koti jeupe, akavuta. Nyuzi zikaanza kuachia.

"Baba, koti lako!"

Fundi, mtu wa kununa wiki nzima kwa mshono mmoja kufumuka, akafuta macho kwa kile kiwiko.

"Mwache avute, daktari. Avute kwa nguvu. Nitashona jingine."